Mlima Hanang na Mume Wangu wa Utani

Simu ya Yoeli ilinikuta ofisini nikigombana na printa. Yoeli ni kitinda mimba wa nyumba ya akina Mika kule Hombolo, na kwa kawaida akinipigia huanza kwa kunitukana kidogo, maana mimi ni Mhehe na wao ni Wagogo, na Mgogo asiyemtania Mhehe huonekana hakulelewa. Siku hiyo alianza na shikamoo. Nilijua hapohapo kuna jambo. "Dada Konso," akasema, "mtani wako ametutoka alfajiri hii. Ni presha. Wazee wamekaa, wamesema wewe ndiye mtani wake mkuu, kwa hiyo kesho uje ufanye kazi yako." Nikasema poleni sana, nikasema nitakuja. Kisha nikarudi kwenye printa, nikaipiga kofi, ikatoa karatasi, na mimi nikabaki nimeishika ile karatasi hata sijui imeandikwa nini. Kijana wa meza ya pili akaniuliza, "Mama, kuna taabu?" Nikamwambia nimefiwa na mtani. Akasema pole, akarudi kwenye kompyuta yake. Mtani si ndugu. Hakuna ruhusa ya kazini kwa kufiwa na mtani.

Nyumbani Miyuji nilikaa jikoni bila kupika. Mwanangu wa mwisho alinikuta hivyo, akachukua mkate akaenda zake, na mimi nikaanza kufikiri kesho nitavaa nini na nitasema nini. Kazi ya mtani msibani kila Mtanzania anaijua. Wafiwa wanalia, mtani anawachekesha. Anamwiga marehemu alivyotembea na alivyokohoa, anamsema ubahili wake, anamlaumu kwa kufa bila kuaga, na hakuna wa kumkemea hata kama mchungaji amesimama pale na Biblia. Huo ni utu wetu na mimi naupenda. Nimezika watani wengi na sikuwahi kukosa la kusema. Lakini huyu ni Mika. Nilikaa kwenye kile kiti cha jikoni nikimlaumu kweli, si kiutani, kwamba hata katika kufa kwake amenipangia kuchekesha watu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipofika Hombolo kusoma chuo, kujifunza kazi za serikali za mitaa. Mabweni yalikuwa yamejaa, nikapangishiwa chumba kwa Bibi Perisi, mama mmoja mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi ya Kiswahili. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo na bati, haina dari, na kuta za ndani ziliishia njiani, hazikufika kwenye bati. Ukipiga chafya chumbani kwako unaambiwa "afya" kutoka vyumba vyote. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, msumari wa kutundikia gauni, na dirisha dogo lililotazama kishamba cha zabibu cha bibi. Msimu wa mavuno nyumba nzima ilinuka zabibu zilizoanza kuchacha, na nyuki waliingia na kutoka kama wapangaji wenzangu. Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, mchana na jioni. Wiki ya kwanza sikujua kuula. Ule mlenda ulinichuruzikia mpaka kwenye kiwiko, na bibi alinitazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani akiharibu chakula.

Ilikuwa katika wiki hiyo Mika aliingia. Alikuwa mpwa wa Bibi Perisi, mwanafunzi mwenzangu wa mwaka mmoja, mrefu, mwembamba, mwenye pengo la meno ya mbele ambalo hakulionea haya. Nilimwamkia kwa Kihehe makusudi: "Kamwene." Akasimama mlangoni, akashika kichwa. "Shangazi! Umempangisha Mhehe? Sasa mbwa wetu tutawaficha wapi asiwale?" Nikamjibu bila kuinua macho kwenye sahani, "Mbwa wenu wamekonda, sina haja nao. Na usinyooshe mkono, najua kwenu mkiona mgeni mnaomba, mimi mwenyewe ni mwanafunzi." Bibi Perisi, aliyekuwa hajacheka tangu nifike, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Tangu siku hiyo Mika akaniita mke wangu. "Mke wangu amepika nini leo?" "Mke wangu, mbona umechelewa kutoka darasani, umenipatia mke mwenza mwanaume?" Chuo kizima kikazoea. Wahadhiri wakaniuliza mimi mume wangu yuko wapi akikosa kipindi. Nami nikamwita mume wangu, nikamtangaza bwenini kwamba amenioa kwa mbuzi wa mguu mmoja.

Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi naweza kuwaambia wapi hufichika. Hufichika katika utani, mahali ambapo kila mtu anakusikia ukikohoa na kila mtu anacheka. Sijui siku gani hasa niliacha kutania. Nafikiri ni siku zile za malaria, nilipolala chumbani nikitetemeka hata kitanda kinagonga ukuta. Mika alileta uji wa uwele, akauweka mlangoni, akakaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuniambia pole hata mara moja. Alikaa mchana kutwa akipanga kwa sauti jinsi atakavyorithi redio yangu, gauni langu la bluu atampa shangazi, na mimi mwenyewe atanizika kule bwawani ili vyura wa Hombolo nao wajifunze Kihehe. Kila nilipotaka kulia kwa kumkumbuka mama yangu, nilijikuta nacheka, na jasho likanitoka, na homa ikashuka. Nilipoamka jioni bado alikuwa pale kwenye ndoo, amesinzia, ameegemea fremu ya mlango. Nilimtazama sana. Baada ya hapo kila aliponiita mke wangu nilimjibu kwa tusi kali zaidi, watu wakasema hawa wawili Mungu amewaumba kwa kazi hii.

Kigogo na Kihehe vinasikilizana ukikaa navyo. Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa naelewa karibu kila kitu, jambo ambalo bibi hakulijua. Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza, bibi na Mika wako upande wa pili wa ukuta, bibi anapepeta uwele. Nilisikia bibi akisema kwamba wazee wamerudi kutoka Msalato, kwamba baba yake Roda, yule mwinjilisti, amekubali, na ng'ombe watapelekwa baada ya mavuno. Harusi itakuwa mwisho wa mwaka, masomo yakiisha. Mika akasema vema. Ungo ukaendelea kulia. Halafu bibi akauliza, "Na huyu Mhehe?" Ungo ukanyamaza. Nilimsubiri ajibu, nikawa nayatazama yale matofali kana kwamba jibu litatoka kwenye nyufa zake. "Ah, shangazi," akasema mwishoni, "yule ni mtani tu." Bibi akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo aliitumia kwa mambo ya kuumiza tu, "Mzaha mzaha, hutumbuka usaha." Ungo ukaanza tena.

Leo nina watoto wakubwa kuliko nilivyokuwa siku ile, na bado nakihesabu kile kimya cha Mika kuwa mali yangu. Mtu ambaye hana la kufikiri hujibu mara moja. Yeye alikaa kimya kwanza. Niliyajenga maisha yangu yote ya miezi iliyofuata juu ya kimya hicho. Nilijiambia kwamba ng'ombe bado hawajatoka zizini, na ng'ombe wasiotoka zizini hawajaoa mtu. Nilijiambia kwamba nikipata kumweleza mara moja tu, kweli, kabla ya mavuno, atakwenda kwa wazee wake na kusema. Shida ilikuwa namna ya kusema. Nilijaribu chini ya bati la jiko la chuo, akaita wenzake waje wasikie mke wake anavyombembeleza. Nilijaribu njiani tukitoka bwawani na ndoo, akaanguka chini akijifanya amezimia kwa furaha. Ndipo nikaelewa kwamba utani unataka watu. Mahali penye masikio ya watu, mimi na yeye hatuwezi kuongea. Nikaanza kutafuta mahali pasipo na watu.

Mahali hapo palipatikana kwa bahati. Tulipangiwa mafunzo ya vitendo Katesh, chini ya Mlima Hanang, mimi, Mika na Samweli, kijana mpole wa Kiiraqw ambaye kwao ni upande wa nyuma wa mlima huohuo. Tulifika kwa basi kupitia Singida, vumbi limetugeuza wazee, na asubuhi yake nikatoka kupiga mswaki nikaukuta mlima umesimama mbele yangu peke yake, bila wenzake, kichwa ndani ya wingu. Samweli alituambia zamani ulikuwa mlima wa moto. Mika, mtu wa nchi tambarare na vilima vya mawe, aliutazama huku povu la dawa ya meno likimchuruzika, akasema lazima aupande. Wageni hupandia Katesh, kwa kibali na mtu wa kuwaongoza. Samweli akasema hapana, huko ni mbali na nyumbani, na kwao watu hupanda kwa mgongoni, kwa njia ya wachunga ng'ombe na warina asali, haina kibao wala kibali. Leo ningemkataza mwanangu. Siku ile nilikuwa wa kwanza kusema twende.

Tulilala kwa mama yake Samweli. Nyumba yao ilikuwa na moto katikati na ndama pembeni, na harufu ya maziwa na moshi ambayo ilikaa kwenye sweta langu hadi nilipolichakaza. Alitupa makande yenye maharage makubwa na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akakaa akitutazama tukila na kutukanana. Samweli alimtafsiria. Mama yule hakucheka. Aliongea maneno machache, akamwangalia Samweli, na Samweli akaona haya kidogo kabla hajatwambia. "Mama anasema, huko juu wazee wetu huenda kuomba mvua na watoto. Anasema mkivuka msitu msitanie. Huko mtu husema analolimaanisha, au anyamaze." Mika akanigeukia. "Mke wangu, tumekufa. Mimi na wewe tukikatazwa utani tutaongea nini?" Watu wakacheka, hata mama akatabasamu alipotafsiriwa. Niliona kama mama yule amenifungulia mlango.

Tulianza alfajiri, tukapita mashamba ya ngano yenye umande, raba zangu za mtumba zikalowa kabla hatujafika popote. Njia ilikuwa ya ng'ombe kweli, kinyesi chao kilikuwa kibao chetu. Tulipokiona tulijua hatujapotea. Katika msitu miti ilikuwa imeota ndevu za kijani, na majani yawashayo yalinichoma hadi magotini. Hadi hapo tulikuwa tunatukanana kama kawaida, Mika akisema Mhehe anapanda mlima kwa kufuata harufu ya mbwa. Halafu msitu ukaisha ghafla, tukatokea kwenye nyasi na mawe na upepo, na Samweli akasimama akaweka kidole mdomoni. Tukanyamaza. Sikuwahi kunyamaza na Mika kabla ya hapo. Nilimsikia akihema. Nilisikia chupa ya maji ikigonga mgongoni mwake. Kila alipokuta jambo la kuchekesha, kama nilipokaa juu ya miiba, aligeuka akanitazama, midomo imebana, macho yamejaa utani ambao hawezi kuutoa, na mimi vilevile, na katika kutazamana huko bila neno tulikuwa karibu kuliko mwaka mzima wa kelele. Hiyo ndiyo saa ninayoirudia. Wengine hukumbuka harusi zao, mimi nakumbuka Mgogo akijizuia kunicheka.

Kinyesi cha ng'ombe kiliisha, na njia nayo ikaisha. Samweli alitupeleka kwa kukisia, kupanda moja kwa moja kwenye mawe yanayoteleza. Kila tulipodhani tumefika kileleni tulikuta ni bega tu, kilele kiko mbele. Kwenye bega la mwisho Samweli alitapika, akakaa ameshika kichwa. Tulitaka kurudi naye, akakataa. "Nendeni, nawaona kutoka hapa. Mimi mlima huu nauona kila siku ya Mungu." Tukaenda wawili. Sehemu moja ukingo ulikuwa mwembamba, upande huu shimo na upande huu shimo, ukungu unapita katikati ya miguu yetu. Mika akanishika kifundo cha mkono, akanivusha, na tulipofika penye upana hakuniachia. Tulitembea hivyo mpaka juu.

Juu palikuwa na mawe na upepo tu. Ukungu ulifunguka kidogo, tukaliona Ziwa Balangida chini, jeupe kama unga uliomwagika. Tulikaa nyuma ya jiwe, tukala mahindi baridi ya kuchoma. Nikajiambia, Konsolata, hapa hapana watu, na utani umekatazwa. Nikasema, "Mika. Mimi nakupenda. Nilisikia habari za Roda, nilikuwa nyuma ya ukuta. Ng'ombe hawajatoka bado. Nataka unioe mimi. Na mama yake Samweli amekataza utani, kwa hiyo unajua sitanii." Nilisema kwa Kiswahili kilichonyooka, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo. Aliacha kutafuna. Alinitazama, na nawaapia, kwa kitambo kidogo uso wake haukuwa na utani wowote. Ulikuwa uso wa mtu aliyeogopa. Halafu lile pengo la meno likatokea. Akaanza kucheka, akacheka hadi akapaliwa na mahindi. "Mke wangu! Yaani umepanda hadi huku kuniposa? Baba yako ataleta nini? Mbwa wangapi?" Nami, Mungu anisamehe kwa mdomo wangu ulivyozoea, nikamjibu. "Hata mbwa mmoja hufikii bei." Tukacheka wote wawili kule juu, kwenye mlima ambako tulikatazwa kutania.

Nilishuka nyuma yake makusudi nipate kulia. Upepo uliyakausha machozi kabla hayajafika kidevuni. Tulipomfikia Samweli, Mika alipaza sauti, "Bwana, mke wangu ameniposa huko juu, na amekataa kutoa mahari!" Samweli alinitazama mimi, si yeye. Alinyanyuka polepole akajipangusa suruali. "Mama alisema msitanie," akasema, akatangulia kushuka.

Mavuno yalipita. Ng'ombe wakatoka zizini. Niliusikia uamuzi wa kila ng'ombe juu ya ukuta ule usiofika kwenye bati, huyu mwenye baka, yule mwenye pembe iliyovunjika, na bibi akawa mkarimu kwangu ghafla, akaniwekea nyama kwenye mlenda bila kusema sababu. Harusi ikawa Msalato, na mtani hakosi harusi ya mtani. Wahehe wa chuo walinitaka nicheze mke wa kwanza. Nikavaa khanga iliyochanika, nikakaa mlangoni mwa ukumbi, nikalia kwamba mwanaume huyu ameniacha na watoto, ameninyima chakula, amenidanganya hadi mlimani Hanang akanishika mkono na kunivusha, na leo anaoa mwingine mbele ya macho yangu. Watu walivunjika mbavu. Mwinjilisti mwenyewe alijifuta machozi kwa kicheko. Mika alicheka huku akiangalia viatu vyake. Roda, ndani ya shela, alinitazama bila kupepesa. Mpaka nilipohongwa soda na bakuli la pilau ndipo nikaondoka mlangoni. Watu wa Msalato waliisimulia ile michezo yangu miaka mingi.

Sikukaa kumlilia. Niliolewa na mtu mwema, nimezaa, nimehama na kazi na kurudi Dodoma ilipojaa majengo na wageni. Kila Krismasi nilikwenda Hombolo na zawadi na matusi. Roda aliniita mke mwenzangu, nami nikamwita mdogo wangu aliyeninyang'anya. Mika aliongezeka mwili, akapata mvi, akawa mzee wa kanisa. Akinisindikiza kwenye gari tulikuwa tunarushiana maneno mpaka niwashe injini. Hata siku moja hakuutaja mlima. Mimi pia sikuutaja, nikaamini amesahau, na kuamini hivyo kulinisaidia.

Asubuhi ya mazishi nilifika mapema, kabla Wahehe wengine hawajafika. Roda alikuwa ndani, kwenye mkeka, na wanawake wa kanisa. Aliponiona aliwaomba watupishe. Nikakaa. Nilikuwa nimeandaa kichekesho cha kuanzia, kuhusu tumbo la Mika na jeneza, nikakiacha.

"Mke mwenzangu," akasema, "nikuulize. Kule mlimani, ulimwambia kweli?"

Nje watu walikuwa wanapanga viti. "Nilimwambia kweli."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa habari anayoijua. "Alikuwa ananiuliza. Si kila siku. Mvua zikikawia, akiwa kibarazani hana la kufanya, ananiuliza, 'Hivi Roda, unadhani yule Mhehe siku ile alikuwa anatania?' Mpaka mwaka huu ameniuliza. Na mimi namjibu, watani hawana ukweli, baba Neema, usijitaabishe. Anasema, ni kweli."

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya harusi. Mtu haigizi vile." Alinishika mkono, mkono wake mkavu, wa moto. "Ningemjibu nini, dada? Niambie. Nina watoto, nimelala naye kitanda kimoja, ningemwambia alikupenda kweli, nenda?"

"Ungemjibu hivyohivyo," nikasema. "Ningekuwa mimi ningemjibu hivyohivyo." Na nilikuwa namaanisha, na iliniuma kama kitu kinachokatwa. Miaka yote nilidhani nimesahauliwa, kumbe nilikuwa naulizwa, na swali likipelekwa kwa mtu pekee ambaye asingeweza kulijibu. Mimi nilikuwa Miyuji, mwendo wa saa moja, na jibu nilikuwa nalo. Tulilia pale, sisi wawili, kimyakimya, hadi Yoeli alipogonga. "Dada Konso, Wahehe wamefika. Wanakungoja."

Nikatoka nikafanya kazi yangu. Niliomba kofia ya marehemu nikaivaa, nikatembea alivyotembea, tumbo mbele, nikatoa sadaka alivyoitoa, kwa kuificha ndani ya kiganja. Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo, hata watoto wake. Makaburini, mchungaji alipomaliza na kabla jeneza halijashushwa, Wahehe wakapiga kelele kwamba kaburi halijakaguliwa na mtani. Ndiyo desturi. Walinishusha kwa mikono. Chini kulikuwa na baridi, udongo mwekundu, na anga imekuwa kipande kimoja. Nilitakiwa kukaa na kukataa kutoka mpaka wanihonge. Nikakaa. Wakauliza kutoka juu, "Mtani, unataka nini huko?"

Nikaangalia zile nyuso zilizoinama. Nikasema, "Nataka mume wangu. Huyu ni mume wangu mimi. Nilimpenda kabla yenu wote, nikamwambia kwa mdomo wangu, akacheka, na mimi nikacheka, na sikuacha kumpenda hata siku moja. Mnizike naye." Nililia wakati nasema. Nililia kwa sauti, sikujizuia tena, pua na macho, nimeushika ule udongo kwa mikono miwili. Na watu wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakashikiliana, wakapiga makofi, mzee mmoja akasema, "Jamani Wahehe, huyu hana mwenzake!" Mchungaji aligeuka pembeni mabega yakimtikisika. Roda peke yake hakucheka. Alifunika uso kwa khanga.

Wakaleta kuku, jogoo mwekundu amefungwa miguu, wakanining'inizia. "Haya mtani, umelipwa. Toka, tumzike mtu wetu." Nikaendelea kukaa kidogo, wakacheka zaidi. Kisha nikampokea kuku, nikanyoosha mkono wanitoe.